Kanda ya harusi ya GB 45 na laptop ya mwaka 2012

Shemeji yangu alisema "nimekubali" kabla hajafungua mdomo. Sauti yake ilitoka kwenye spika safi kabisa, watu wakaitikia kwa furaha, na picha bado inamwonesha kainamisha kichwa, mkono wake umo ndani ya mkono wa shehe, kope hazichezi. Sekunde sita hivi. Kisha picha ikaruka: mara watu wamesimama wanapeana mikono, mara wameganda tena, mtu mmoja kaachwa mdomo wazi na kipande cha halua hakijafika. Mama akanigeukia. "Mbona unaiharibu?" Kana kwamba mie ndiye niliyeipiga.

Aliyeipiga ni dada mmoja stadi wa kazi yake, na sina neno naye. Alinikabidhi flashi ya GB 64, ndani mna faili moja tu: GB 45, saa moja na dakika arobaini. "4K hiyo, dada. Kama sinema." Nikamshukuru, nikaiweka kwenye pochi, nikaona shughuli ya harusi ya mdogo wangu sasa imekwisha.

Kumbe bado, kwa sababu kuna Bibi. Bibi yuko Pangani, magoti hayamruhusu safari, na harusi ilifanyika hapa Tanga bila yeye. Tangu siku ile alikuwa akinipigia kila Ijumaa baada ya sala.

"Kanda imefika?"

"Imefika Bibi, ila haitembei."

"Haitembei? Isafisheni kichwa kwa spiriti."

Nikamwambia tutaisafisha.

Laptop yenyewe ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo mwaka 2019, na mpaka leo inanifanyia hesabu za duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi bila kulalamika. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ni Core i5-3320M, ya mwaka 2012. Kioo chake ni nukta 1366 kwa 768. Zikumbuke namba hizo mbili, maana kisa chote kimo humo, na mie sikuzitazama mpaka nilipokwisha kutoa pesa.

Pesa yenyewe ni ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kila niliyemuuliza, kuanzia mpwa wangu wa kidato cha tatu mpaka fundi wa simu jirani na ofisi, jibu lilikuwa moja: ongeza RAM. Kompyuta ikiwa nzito, RAM. Ikiganda, RAM. Nadhani hata ikiungua watasema RAM. Nilikuwa na GB 4, nikatoa shilingi 45,000, fundi akachomeka nyingine GB 4, tukaifungua kanda palepale kwenye meza yake. Shemeji akasema "nimekubali", mdomo umefumbwa. Fundi akasema, basi dada, faili litakuwa bovu.

Si kwamba RAM ni kitu kibaya. Tangu siku ile naweza kufungua Excel na kurasa ishirini za intaneti bila kuvuta pumzi. Ila video inayocheza haihitaji ghala kubwa. Fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, chache za mbele na chache za nyuma zinaitosha. Nilinunua kabati kwa mtu aliyekuwa na tatizo la mikono.

Nikarudi nyumbani nikaanza kukisia peke yangu. Kwanza niliishuku flashi. Nikapiga hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu: GB 45 kugawa kwa sekunde 6,000 ni kama MB 7.5 kwa sekunde. Flashi ile nikiinakili inatoa MB 20 kwa sekunde hivi. Kwa hiyo haikuwa na kosa, lakini kwa ubishi wangu nikalinakili faili lote kwenye diski ya ndani, dakika karibu arobaini, nikapika maandazi huku nasubiri. Likaganda palepale lilipokuwa likiganda. (Ukiwa na flashi ya bei ya karanga inayosoma MB 5 kwa sekunde, hapo mkosaji atakuwa yeye. Pima kwanza.)

Halafu nikasoma mahali kwamba kwenye VLC, programu ya kuchezea video, unaweza kuongeza akiba ya kusoma faili, yaani programu ivute data ya sekunde kadhaa mbele. Nikaiweka milisekunde 3,000. Video ikachelewa kuanza, kisha ikaganda kama kawaida. Nikafikiri kidogo nikacheka: sisi wa hapa tunajua habari ya pipa la maji. Pipa linakusaidia pale bomba linapokatika na kurudi. Kama kinachosuasua ni mkono unaochota, hata ukiweka simtanki la lita elfu tano, ndoo haijai upesi zaidi.

Jambo la tatu lilisaidia, ingawa si kwa nilichotarajia. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi, wakati kanda inacheza: prosesa asilimia 100, na kasi yake, iliyoanza juu ya GHz 3, baada ya dakika tano ilikuwa imeshuka mpaka 1.2. Mtambo ulikuwa unapata joto na kujipunguza wenyewe usiungue. Nikafungua mfuniko wa chini, nikakuta kati ya feni na mapezi ya shaba pamba nene ya vumbi, imeshikana kama kipande cha blanketi, rangi ya kijivu, na humo ndani unywele mrefu ambao si wangu wala wa mtu yeyote wa nyumba hii. Mtumba. Nikaitoa kwa kibano cha nyusi, nikapiga brashi, nikarudisha mfuniko. Tangu hapo kasi haishuki. Kanda ikaganda kidogo kuliko mwanzo, lakini ikaganda.

Mwanga ulikuja bila kutafutwa. Mume wangu ana simu, ya zamani kidogo lakini enzi zake ilikuwa ya daraja la juu. Akachukua flashi, akaichomeka kwa ule waya mfupi wa OTG unaounganisha flashi na simu, akabonyeza faili. Ikacheza. Mwanzo mwisho, laini kama uji wa ndizi, na simu haikupata hata vuguvugu. Mie na laptop yangu yenye feni inayopiga kelele kama cherehani tukabaki tunatazamana.

Simu inayoingia mfukoni inaishindaje kompyuta? Hapo ndipo nilipoacha kukisia nikaanza kusoma.

Video haihifadhiwi picha moja moja. Ingekuwa hivyo, 4K ya fremu 25 kwa sekunde ingekula zaidi ya MB 300 kila sekunde. Kinachofanyika ni kama mtu anayekuhadithia: anaeleza ukumbi mara moja, kisha anasema "kila kitu kama kilivyokuwa, ila bibi harusi kageuka kushoto". Kompyuta ndiyo inayosikiliza hadithi hiyo na kuichora upya, mara 25 kwa sekunde. Lugha ya kuhadithia ndiyo wanayoiita kodeki. H.264 ni ya mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaielewa. H.265, kwa jina jingine HEVC, ilipitishwa mwaka 2013. Hiyo inasema mengi kwa maneno machache, faili linaweza kupungua karibu nusu kwa ubora uleule, lakini msikilizaji anatakiwa akili nyingi zaidi. Kanda yetu ilikuwa H.265, tena ya biti 10, yaani kila rangi ya msingi ina ngazi 1,024 badala ya 256. Utaliona hilo ukibonyeza Ctrl+J ndani ya VLC.

Sasa njoo jikoni. Prosesa ni kisu. Kisu kinakata nyama, kitunguu, kinamenya muhogo, na ukilazimisha kitakuna nazi. Lakini kwa nazi tuna mbuzi, ambayo haijui kitu kingine duniani ila hicho, na dakika mbili umemaliza kifuu. Ndani ya chipu za kisasa wamechonga mbuzi ya namna hiyo, kipande maalumu cha kufungua video. Simu ya mume wangu inayo mbuzi ya H.265. Laptop yangu inayo ya H.264 tu. Ingekuwaje na ya H.265, wakati prosesa ni ya 2012 na lugha yenyewe imepitishwa 2013? Imemaliza shule kabla somo halijaanza kufundishwa. Kwa hiyo siku zote hizo ilikuwa inakuna nazi kwa kisu, na mie naiongezea sahani.

Nikaweka mpv, programu nyingine ya kuchezea video, kwa sababu ina kitu ninachokipenda: ukibonyeza herufi i, inakuandikia juu ya picha kinachoendelea. Inataja kodeki, inataja kama kipande maalumu kinatumika, inahesabu fremu zilizotupwa. Kwenye kanda yetu, dakika moja ilitupa mia sita na kitu, kati ya 1,500. Nikafungua video ya zamani ya H.264, ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080): kipande maalumu kinafanya kazi, zilizotupwa sifuri, prosesa iko asilimia 6. Laptop ileile, usiku uleule.

Kwa anayekwenda Kariakoo kesho kutafuta laptop ya mtumba: muuzaji atakusomea RAM na ukubwa wa diski. Wewe soma namba ya prosesa. Kwa hizi za Intel, tarakimu inayofuata mstari ndiyo kizazi, na kuanzia cha 10 ni tarakimu mbili. I5-3320M ni kizazi cha 3, i5-7200U ni cha 7, i5-1135G7 ni cha 11. Cha 6, cha mwaka 2015, kinafungua H.265 ya biti 8. Biti 10 ilianza na cha 7. AV1, lugha mpya zaidi, ya mwaka 2018, Intel waliiwekea mbuzi kuanzia cha 11, mwaka 2020. Tofauti ya bei kati ya kizazi cha 5 na cha 7 pengine si kubwa. Tofauti ya amani nyumbani ni kubwa.

Mie sikuwa na pesa ya laptop nyingine, RAM ilikwishazila. Na ndipo nilipoikumbuka namba ya pili, kioo. Fremu ya 4K ni 3840 kwa 2160, nukta milioni 8.3. Kioo changu kina nukta milioni moja na ushei. Yaani mashine inahangaika kuchora nukta nane, halafu inazipondaponda kuwa moja ndipo inionyeshe. Jasho lote lile, na hakuna jicho linalofaidi.

Basi nikaamua kutengeneza nakala: H.264, 1080p, kwa sababu televisheni ya Mama ni 1080p, na ile asili ibaki kama ilivyo kwenye flashi. (Televisheni hiyo tuliijaribu pia mapema. Ilisoma jina la faili, ikafikiri, ikaandika kuwa aina hii haikubaliki.) Programu za kazi hiyo zipo: HandBrake kwa wanaopenda vitufe, mie nilitumia ffmpeg, ambayo unaiandikia amri, mstari mmoja:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -preset fast -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac harusi_ndogo.mkv

Kila kipande cha mstari huo nimekilipia. Ile yuv420p niliiacha mara ya kwanza, nikajaribu dakika moja tu ya video, kwa bahati. Programu ikahifadhi biti 10 kama ilivyozikuta, na mbuzi yangu ya H.264 haikuni biti 10, ikaniachia kisu tena. Kwa hiyo fanya jaribio la dakika moja kabla ya kulala, ongeza -t 60, kisha ulitazame kwa mpv. Ile 20 baada ya crf ni kiwango cha ubora. Namba ikipungua picha inakuwa safi zaidi na faili linanenepa.

Na ile .mkv mwishoni ina hadithi yake. Usiku wa kwanza niliandika .mp4. Fremu 150,000, laptop inamaliza saba kwa sekunde, hesabu ikaja karibu saa sita. Nikaianzisha saa nne usiku, nikaweka kitabu kigumu chini yake ipate hewa, nikalala. Saa nane umeme ukakatika. Betri ya mtumba ikashikilia dakika ishirini na tano, ikazima. Asubuhi nikakuta faili la GB 6 ambalo hakuna programu iliyokubali kulifungua. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa, kazi ikishakamilika. Ikikatwa katikati, data yote imo lakini hakuna ajuaye kipi kiko wapi, kama daftari la deni lililochanika kurasa za majina. MKV ikikatwa, unacheza ulichokipata mpaka pale ilipokatikia. Usiku wa pili umeme haukukatika, lakini nililala vizuri zaidi.

Saa kumi alfajiri ilikuwa tayari, GB 9. Nikaifungua kabla hata ya kuwasha taa. Shemeji akafungua mdomo, akasema "nimekubali". Kwa pamoja. Nikairudisha nikaitazama tena, mara tatu.

Kilibaki kidudu kimoja ambacho Mama hakukiona, ila mie nishakuwa mgonjwa wa mambo haya: kamera ikigeuka taratibu kutoka jukwaani hadi mlangoni, picha inakwenda kwa vihatua vidogo. Hiyo si nguvu ya mashine. Kanda ni fremu 25, kioo kinajipaka mara 60 kwa sekunde, 60 haigawanyiki kwa 25, basi fremu moja inakaa mara mbili na nyingine mara tatu. Tulipoiunganisha laptop kwa HDMI na televisheni ya Mama, nikaweka 50 Hz, yaani mara 50 kwa sekunde, kwenye mipangilio ya kioo, na kamera ikageuka kama inateleza juu ya mafuta. Kwa YouTube, dawa yangu ni nyingine: kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify, kinachoifanya itoe H.264 badala ya kodeki mpya zaidi kama VP9. Hutapata zaidi ya 1080p, na kwa kioo kama changu hutajua tofauti.

Jumamosi nikapanda basi la Pangani, laptop mapajani, chaja, flashi yenye asili, na nakala ndani ya diski.

Bibi alikuwa amekwishatandika. Laptop tukaiweka juu ya kigoda na mto, yeye kitandani, majirani wawili kwenye jamvi. Ikatembea. Akatazama nikaha yote hanyanyui jicho, akamlilia kidogo babu yangu alipomwona baba kavaa joho lake. Tukaingia kwenye ngoma ya wanawake, dakika ya arobaini na saba.

"Simamisha hapo."

"Haijaganda Bibi, inatembea."

"Nimesema simamisha. Yule, nyuma ya mama yako, mwenye leso ya njano. Si mlivaa sare ya kijani nyote?"

Tulivaa sare nyote, kasoro mmoja, ambaye ni wifi yangu na sitamtaja zaidi ya hapo. Kumbe Bibi alikwishaambiwa kitu. Ijumaa zote zile hakuwa akiulizia kanda ya bibi harusi.

"Imeandikwaje?"

Nikasogea. Kwenye nakala yangu yale maandishi yalikuwa mstari mweusi tu, wa ukungu. Wifi yuko mbali na kamera, na nukta zile sita kati ya nane nilizozitupa, jina la kanga lilikuwa limo humohumo. Nikachomeka flashi, nikafungua asili, nikaipeleka dakika ya arobaini na saba. Ilifikiri kama kawaida yake. Lakini picha moja iliyosimama hata kisu kinaimudu. Ikatulia. Nikabonyeza Alt na alama ya kujumlisha, nikaivuta karibu, tena, tena, mpaka nyonga ya wifi ikajaa kioo kizima.

HASIDI, kisha mkunjo.

Kwenye mpv, kitufe cha nukta kinasogeza fremu moja. Nikabonyeza. Nikabonyeza. Jirani mmoja akainuka kwenye jamvi akaja kusimama nyuma yangu. Kwenye fremu ya kumi na nne wifi alikuwa amegeuka kwenye ngoma, mkunjo ukafunguka.

HASIDI HANA SABABU.

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso yake, akaivaa, akasoma mara ya pili kwa sauti.

"Haya," akasema. "Sasa iachie itembee."